Pete za Darubini: Ziagizwe au Zichongwe Jego?

Hoja: Darubini ya kioo cha inchi 6 ipo, stendi yake ipo, pete mbili za kuishikilia hazipo. Ziagizwe ng'ambo, au fundi wa hapa Jego, karibu na Vanga, pwani ya Kenya, azitengeneze?

MWALIMU WA FIZIKIA: Mimi nasema ziagizwe, na sisemi hivyo kwa kupenda vya dukani. Bomba la darubini hii ni bati jembamba, unene wake haufiki milimita moja. Mbele kuna kioo kidogo kinachoshikwa na vyuma vyembamba, nyuma kuna kioo kikubwa, na viwili hivyo sharti vitazamane sawasawa. Ukilibana bomba ovyo, duara linakuwa umbo la yai. Vioo vinapotezana, na Mshtarii badala ya kuonekana na mikanda yake unaonekana ukungu tu. Kiwanda kinachonga pete kwa mashine, kwa kipenyo cha bomba lenyewe. Tukianza kubahatisha kwa mkono, tutakuwa na darubini nzima isiyoona.

FUNDI WA MASHUA: Nani kasema nabahatisha? Bomba nimelipima. Nimelizungushia uzi, nikaukata palipokutana, nikaunyosha juu ya rula: milimita 572. Gawa kwa 3.14, kipenyo ni 182.

MWALIMU: Uzi unavutika, ami.

FUNDI: Na uvutike milimita 2. Nikishagawa, kosa kwenye kipenyo halifiki hata milimita moja. Hesabu hiyo si yangu, ni yako, watoto wanairudia njiani wakitoka shule. Tena mimi sitaki pete ishike bati kwa ugumu. Chukua bomba la maji taka la milimita 200. Ukuta wake ni milimita 5 hivi, kwa hiyo ndani kunabaki 190. Toa 182, zinabaki 8, nne kila upande. Hizo nne nazijaza blanketi zito lililogandishwa kwa gundi. Hapo bomba halibanwi, linakumbatiwa.

MWALIMU: Plastiki! PVC hulainika ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi. Iache ndani ya gari lililofungwa vioo Lunga Lunga saa saba mchana, uone itakavyokuwa. Na hata isipofika huko, plastiki iliyobanwa hulegea polepole yenyewe. Bolti uliyoikaza Jumatatu, Ijumaa inacheza. Hiyo ni kilo 6 hivi za chombo unazitundika juu ya kitu kinachosinzia.

FUNDI: Haya, plastiki naiacha. Umesema kweli, mimi mwenyewe huipasha juu ya makaa nikitaka kuinyoosha. Basi iwe plaiwudi ya baharini, ile ya gundi isiyoogopa maji, unene wa milimita 18. Natoboa duara la 190 kwanza, ubao ukiwa bado mzima. Nalisawazisha kwa tupa mpaka kidole kikipita hakikwami popote. Ndipo napasua ubao katikati. Msumeno unakula milimita 2, na hizo ndizo nafasi ya kukazia. Upande huu bawaba ya shaba, upande huu bolti yenye nati ya masikio inayofungwa kwa vidole. Mtu akianza kupasua kisha ndiyo achonge duara, hapo utapata hilo yai lako.

MWEKA HAZINA WA WAZAZI: Fundi, mbao zako zisije zikatoka mikokoni. Tangu 2019 wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wako kwenye mradi wa kuhifadhi mikoko wa Vanga Blue Forest, na mimi sitaki shule itajwe huko.

FUNDI: Mkoko wa kuchonga pete ya darubini? Mama, plaiwudi inatoka dukani.

MWALIMU: Na plaiwudi nayo ni mti. Masika ikiingia, Mto Umba ukifura, hewa yote hapa ni maji. Mti unanywa, unatanuka.

FUNDI: Ubao mmoja hutanuka upande mmoja, kweli. Plaiwudi imepangwa tabaka kwa tabaka, huu umelala huku, ule umelala kule, kila mmoja anamzuia mwenzake. Ukiipaka vanishi kila mahali, hata ndani ya tundu la bolti, inatulia. Wanaopaka juu wakaacha matundu ndio wanaolia. Mwalimu, mimi nimeshachonga mataruma, na kila taruma ndani ya mashua lina mpindo wake. Hakuna hata moja nililoletewa kipimo na kiwanda.

MWALIMU: Na ndani ya kila mashua kuna kopo la kukumba maji. Mashua huvuja, ami, na nyinyi mmekubali kwamba huvuja. Darubini haina kopo la kukumbia. Tukiweka lenzi ya jicho ya milimita 10, chombo hiki chenye fokasi ya milimita 1,200 kinakuza mara 120. Na kinachokuzwa si nyota peke yake, hata mtikisiko nao unakuzwa. Mtoto akigusa skrubu ya fokasi, nyota inaruka huku na huku, na kabla haijatulia imeshaondoka. Kwa ukuzaji huo sayari inavuka kioo chote kwa dakika moja na nusu hivi, maana dunia haitusubiri. Darasa lina watoto arubaini. Piga hesabu mwenyewe wangapi wataona kitu.

FUNDI: Huo mtikisiko unatoka kwenye pete au miguuni? Hiyo stendi yako ina miguu ya alumini, myembamba. Kigonge chuma, kinaimba. Ugonge mti, umenyamaza. Ukitaka kitulie, ningekubadilishia na miguu pia.

MWALIMU: Tusifike miguuni, hoja ni pete.

FUNDI: Wewe ndiye uliyeleta mtikisiko.

MWEKA HAZINA: Naomba na mimi niseme la pesa, kwa kuwa nyinyi wawili mnaongea kana kwamba pesa zinaota shambani pamoja na mpunga. Pete zenyewe bei yake haitishi. Kinachotisha ni kuzileta. Nauli ya ndege kwa mzigo mdogo inaweza kuipita bei ya mzigo. Kuna ushuru, kuna VAT ya 16%, kuna mtu wa kuvuka Likoni kuzifuata Mombasa na kukuta ofisi imefungwa. Na zikifika si saizi yetu? Kuzirudisha ni nauli nyingine. Fedha hizi za kikundi zimetoka kwa wazazi, wengine wameuza debe la mchele. Nikimpa fundi, pesa imelala hapahapa.

MWALIMU: Mama, rahisi inaweza kuwa ghali. Susan Murabana na Chu Owen wamekuwa wakizunguka Kenya na The Travelling Telescope tangu 2014, shule kwa shule, kwa darubini iliyotoka kiwandani. Mtoto anayepanda ngazi akaweka jicho haulizi nani kachonga nini. Anauliza kama Zohali ana pete kweli. Lengo letu ni anga. Useremala una darasa lake.

MWANAFUNZI: Mwalimu, naomba ruhusa niseme. Ni wewe uliyetufundisha kwamba William Herschel aliiona Uranus tarehe 13 Machi 1781, akiwa nyumbani kwake Bath, Uingereza, kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Kioo chake kilikuwa inchi 6.2. Chetu ni inchi 6. Stendi yake ilikuwa ya mbao. Na John Dobson kule San Francisco, hakuwa na pesa, akatumia mabomba ya karatasi ngumu na masanduku ya plaiwudi, akaweka darubini kando ya barabara wapita njia watazame. Leo viwanda vinauza darubini za mtindo wake. Kwa hiyo ni kiwanda kilichomwiga seremala.

MWALIMU: Vizuri, umesoma. Sasa maliza hadithi. Herschel alisugua vioo kwa miaka, akaharibu vingi, akaanza upya. Dobson naye alijisugulia vyake. Mtu anayejua kutengeneza kioo ana haki ya kujaribu pete, kwa sababu kikianguka anasugua kingine. Sisi kioo ni kimoja na hatukukitengeneza. Kikivunjika, tunaandika barua kwa aliyetupa.

MWANAFUNZI: Na stendi aliyotupa, Mwalimu? Kitabu chake kinasema mhimili uelekezwe kwenye ncha ya anga, utafute Nyota ya Kaskazini. London ncha hiyo iko juu nyuzi 51. Hapa Jego Nyota ya Kaskazini haichomozi kabisa, na ncha yetu, ya kusini, iko juu ya upeo nyuzi 4 na nusu tu, imejificha nyuma ya minazi. Tulipoulaza mhimili mpaka huko, uzito wa kusawazisha uligonga mguu wa stendi. Walioichora hawakuwaza kuna mtu Jego.

MWALIMU: Hilo nakubali, tena limenikera mimi kabla yako. Lakini hilo ni la stendi. Pete ni mduara, na mduara ni uleule London na Jego.

FUNDI: Sio uleule. Hebu nisikilize. Hapa kwetu sayari hupita utosini. Basi bomba litasimama wima, na kitundu cha kuchungulia kiko ubavuni, karibu na mdomo wa juu. Ukigeuza stendi kutoka mashariki kwenda magharibi, kitundu mara kiko juu mtoto hakifikii, mara kiko chini mzee anapiga magoti. Dawa ni kulizungusha bomba ndani ya pete. Unalegeza nati, unazungusha, unakaza. Sasa lilegeze bomba lililosimama wima uone litafanya nini.

MWALIMU: Litateleza chini.

FUNDI: Litateleza kilo 6 zote, kioo kikiwa upande wa chini. Hizo za kiwandani ni pete mbili tu. Mimi nataka tatu. Ya tatu nyembamba, imekazwa kwenye bomba lenyewe, inakaa juu ya mgongo wa pete ya juu. Ukilegeza zile mbili, ya tatu inazuia. Bomba linazunguka, haliendi popote.

MWALIMU: Hiyo umeiona wapi?

FUNDI: Sijaiona. Nimefikiria kitu kizito kisimame ndani ya tundu bila kushuka. Si kama mlingoti wa mashua?

MWALIMU: Wapo watengenezaji wa ng'ambo wanaofanya hivyo, nimesoma. Haiji na pete za kawaida. Sawa, la pete ya tatu limekwenda kwako. Lakini limenikumbusha jambo ambalo hatujalitaja, nalo linanitisha kuliko kioo kuvunjika. Jua. Darubini hii ikielekea jua hata kwa nukta moja, jicho lililopo limekwisha, na halirudi. Sasa wapo wanaotaka kuitumia magharibi, jua likiwa ndilo linazama. Pete ikiteleza saa hiyo, bomba likainama lenyewe kidogo tu, mtoto yupo jichoni. Ami, niambie bolti yako ya vidole itazuia hilo.

(Hoja hii ingefaa itangulie nyingine zote. Haikutangulia, na mijadala mingi ya vyombo ndivyo inavyokwenda: tunaanza na bei, macho ya watoto yanafika baadaye.)

FUNDI: Hapo sina ubishi. Jua lisipozama lote, kifuniko hakitoki, pete ziwe zangu au za Mzungu.

MWEKA HAZINA: Hilo liandikwe, tena liandikwe kwenye bomba lenyewe, kwa rangi.

MZEE WA MSIKITI: Mmetaja magharibi, basi nami nina neno kabla ya adhana. Hilali ya Ramadhani na ya Idi hatuitafuti baharini. Tunaitafuta upande wa bara, kule Tanzania, jua linakokwenda. Na huku kwetu jua likizama limezama, giza halichelewi. Hilali inalala chali kama chombo, inashuka moja kwa moja nyuma ya miti. Muda ni mchache. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya ushahidi wa darubini, na kutangaza ni kwa Kadhi Mkuu, si kwangu. Lakini mtu akinijia akasema ameuona mwezi kwa chombo hiki, nitamuuliza chombo kilikuwa kimeshikwa na nini. Watu watafunga au watafungua kwa neno lake.

MWALIMU: Mzee wangu, hapo umenisaidia. Mfaransa André Danjon alionyesha miaka ya 1930 kwamba mwezi ukiwa bado karibu na jua, chini ya nyuzi 7 hivi, hilali haionekani. Karibu na mpaka huo uzi wa mwanga ni mwembamba mno. Chombo kinachotetemeka kinaweza kumpa mtu kitu ambacho hakipo, au kumnyima kilichopo. Ndiyo maana nataka pete za mashine.

MZEE WA MSIKITI: Sikusema hivyo. Nimesema nitauliza. Za mashine nitauliza nani kazichonga, na hakuna wa kunijibu. Za huyu namjua, na babake nilimjua.

MWALIMU: Kumjua mtu hakuongezi uthabiti wa mbao, shehe.

MZEE WA MSIKITI: Hakuongezi. Lakini ikilegea, najua mlango wa kugonga. Na hili la vyombo vya kuchonga si geni pwani hii. Manahodha waliovuka bahari hii walipima urefu wa nyota kwa kijibao na kamba yenye mafundo, kile Waarabu walichokiita kamal. Kijibao na kamba! Walikifanya wenyewe, wakafika.

MWALIMU: Waliofika ndio waliosimulia.

FUNDI: Ala! Na waliozama walizama kwa kijibao, au kwa kusi?

MWALIMU: Sijui, na wewe hujui. Ndiyo shida ya ushahidi wa aina hiyo.

FUNDI: Basi nikupe ushahidi wa kushikika. Pete zako za alumini zitakuja na bolti za chuma cha pua. Nenda pwani Vanga ukatazame injini za boti. Alumini na chuma hicho vikikaa pamoja, chumvi ikiingia katikati, alumini inaota unga mweupe na bolti inaganda humohumo. Siku unataka kulegeza, unakata kwa msumeno. Na bolti ikipotea? Huenda ni ya inchi. Duka la Lunga Lunga lina za milimita.

MWALIMU: Unapaka grisi, unafungua kila baada ya miezi michache. Chombo cha sayansi hutunzwa. Kama tutachagua vifaa kwa kuogopa kuvitunza, basi hata hiyo vanishi yako itabanduka kama hakuna wa kuirudia.

FUNDI: Vanishi ikibanduka, huyu mtoto anaipaka. Alumini ikiota unga, unamwandikia nani?

MWALIMU: Na wewe usipokuwepo? Ukienda Tanga kwa kazi ya miezi mitatu, nani atachonga pete yenye duara safi? Ujuzi wako uko mikononi mwako, haumo kitabuni. Kiwanda kikifa kimoja, kipo kingine, na kipimo ni kilekile.

MWANAFUNZI: Sisi tutachonga, Mwalimu. Akitufundisha.

MWALIMU: Kwa darubini ya nani mtajifunzia?

MWEKA HAZINA: Nyamazeni kidogo. Ikianguka, nani anajibu? Sitaki maneno ya mashua wala ya Uingereza. Fundi?

FUNDI: Na za kiwandani zikiachia, nani anajibu?

MWALIMU: Zina dhamana ya maandishi.

MWEKA HAZINA: Dhamana ya kulipa kioo, au ya kulipa pete?

MWALIMU: Pete.

MWEKA HAZINA: Basi kwenye kioo wote wawili mko sawa, hakuna anayejibu.

MWALIMU: Ndiyo maana sharti langu ni hili, na bila hilo sitoi darubini kabatini. Vioo vyote vitolewe. Ndani ya bomba tufunge mfuko wa mchanga wa uzito uleule, mahali palepale pa kioo. Pete za fundi zifungwe, bomba lisimamishwe wima nje uwanjani, jua la mchana na umande wa usiku, mwezi mzima. Tunachora alama ya penseli pembeni mwa kila pete. Kisha kila jioni mtoto mmoja aligonge bomba kwa kidole akitazama kwa ile darubini ndogo ya kulengea, ahesabu mtikisiko unachukua nukta ngapi kutulia. Zikizidi tatu, au alama ya penseli ikisogea milimita moja, naagiza.

FUNDI: Milimita moja kwa mwezi mzima. Nimekubali. Na za kiwandani utazitia mchanga?

MWALIMU: Nitazitia.

FUNDI: Kabla hujazilipia, au baada?

MWALIMU: Ami, hakuna duka linalokubali ujaribu mwezi mzima kwanza.

FUNDI: Ahaa. Mimi ndiye nijaribiwe kabla ya kulipwa, wao walipwe kabla ya kujaribiwa.

MWALIMU: Wewe uko hapa. Wao wameshauza maelfu ya pete.

FUNDI: Kwa watu wasiokaa karibu na chumvi, wanaotazama sayari zikiwa chini upande mmoja wa anga. Hao maelfu hawanihusu.

MWEKA HAZINA: Fundi, niandikie bei: plaiwudi, bawaba mbili za shaba, bolti zisizoshika kutu, blanketi, gundi, vanishi na mkono wako. Mwalimu, nawe niandikie yako, nauli na ushuru ndani, na nauli ya kurudisha zisipoenea. Sijasema natoa ipi.

MWANAFUNZI: Mama, na pete ya tatu.

MWEKA HAZINA: Niiandike kwenye bei ya nani?

MWANAFUNZI: Kote kuwili. Ya kiwandani haiji nayo, na hakuna mwingine wa kuichonga.